Penye Matanga Ninasoma Vizuri

Jumatatu, 27 Mei

Nimefukuzwa kwenye kikundi. Hapana, nisahihishe: nimejiondoa. Eugène atasema alinifukuza, lakini mimi nilikuwa nimeshasimama.

Ilikuwa hivi. Kikundi cha kusoma kinakutana kila alasiri katika chumba cha nyuma cha kanisa, hapa Baraka. Sote ni wa mwaka wa sita, upande wa pedagojia, yaani ualimu, sote tunangoja Exetat, mtihani wa taifa. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaeleza, wengine wanabisha. Mimi niliona kasoro moja tu: rais ni Eugène. Nikadai uchaguzi. Nikapata kura moja. Ilikuwa ya mkono wangu mwenyewe, na hata huo niliuinua nusu. Hapo Eugène akasema kwamba natikisa mguu mpaka meza inatembea, kwamba nakata watu maneno, na kwamba kama sitaki kungoja zamu yangu mlango uko pale. Mlango niliuona. Nikatoka kwa heshima zote, isipokuwa nilisahau kandambili.

Shida ni hii: peke yangu sisomi. Macho yanasoma, kichwa kinakwenda sokoni. Naanza sentensi kuhusu usikivu wa mtoto darasani, nashtuka niko uani namfukuza bata wa jirani. Mtu akikaa kando yangu, hata asiposema neno, kichwa kinatulia. Madamu Constance, mwalimu wetu, anasema si ujinga wala uvivu. Alifundishwa hayo kwenye semina Uvira. Kuna vichwa vilivyoumbwa hivyo, anasema, ni kama makaa: moja likitengwa linazimika, yakikaa pamoja yanawaka. Huyu ajifunze akitembea, yule akitafuna kitu, mwingine akimweleza mwenzake. Ndiyo maana akaanzisha kikundi. Kidole kimoja hakivunji chawa, akaniambia. Nikamjibu kwamba nitajitafutia vidole vyangu.

Nimeshaanguka Exetat mara mbili. Mimi, Vainqueur, yaani Mshindi! Nikianguka tena, baba mdogo Guy ananipeleka Kilembwe kulima mihogo, na Koko anabaki peke yake katika nyumba hii. Koko Adolphine ni bibi yangu, ndiye aliyenilea. Sina mtu mwingine, naye hana mwingine.

Jumatano, 29 Mei

Nimeanzisha kikundi changu. Jina: Les Champions. Kila mwanachama anapewa cheo siku hiyo hiyo. Nilialika darasa zima. Alikuja Dany peke yake, kwa sababu nilitaja karanga. Nikamfanya makamu wa rais. Akala karanga, akajiuzulu.

Nikamwomba Koko akae nami kama zamani. Nilipokuwa mdogo alimenya mihogo kando yangu na mimi nikaandika a, e, i, o, u. Bila mihogo ile nisingejua kusoma. Leo alikaa. Akauliza pedagojia ni ugonjwa wa wapi. Akaniita bwana yake mbele ya wapita njia, akasema huyu bwana yangu anasoma tangu nikiwa na meno. Halafu akasinzia, akakoroma. Badala ya kusoma nilimtazama akilala. Amepungua, Koko. Sikupenda nilivyoona.

Nikatoka kwenda kudai kandambili. Njiani, kule Mwemezya, kulikuwa na kilio. Turubai, viti vya plastiki, wanaume kimya, bamama ndani wanaimba polepole. Nilitaka kupita tu. Mtu akanisogezea kiti, na kiti cha matangani hakikataliwi. Nikakaa. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Watu mbele, watu nyuma, watu kila upande, na wote wametulia! Daftari lilikuwa kwapani. Nikalifungua juu ya magoti, taratibu, kama mtu anayetafuta zaburi.

Nilisoma sura nzima. Niliielewa! Nilifika nyumbani naimba. Koko akauliza nimetoka wapi, nikasema kilioni. Akajishika mdomo.

Ijumaa, 31 Mei

Bado niko Mwemezya. Wafiwa wamenizoea. Leo walinipa bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, nikala kwa huzuni.

Kuna mzee anayekaa kando yangu. Koti la kaki. Viatu vyeusi vya kufunga kwa kamba, vimelowa mpaka juu, na mvua haijanyesha Baraka tangu wiki iliyopita. Anashona. Ana kitambaa cheupe magotini, anakunja pindo, anapitisha sindano, hainui kichwa. Hasemi, haulizi, hakohoi. Madamu alisema mwenza mzuri wa kusoma ni yule anayefanya kazi yake mwenyewe karibu nawe. Huyu hapa! Nikiwa kando yake kichwa changu kinanyamaza kabisa, kama redio iliyotolewa betri. Sikujua kwamba ndani yangu kuna kimya kikubwa namna hiyo. Nilisikia baridi mgongoni, juani. Kisha nikafungua saikolojia, nikaimaliza.

Jambo dogo. Sahani zote zilijaa nzi. Juu yake hakutua hata mmoja.

Nilimuuliza mtoto wa marehemu kama mzee yule ni ndugu yao. Akasema ni wa upande wa mama. Watu wa upande wa mama wakasema ni wa upande wa baba. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe, maana kumuuliza mgeni wa matangani ametokea wapi ni aibu kubwa. Namshukuru Mungu kwa aibu hiyo. Na mimi inanifunika.

Jumapili, 2 Juni

Kilio cha Mwemezya kimevunjwa. Wamerudisha viti! Watu hawana huruma na wanafunzi.

Mpango mpya. Redio ya hapa inatangaza vifo baada ya habari za mchana. Nilikaa na kalamu tayari. Koko anafikiri nimeokoka. Likaja tangazo la Kalundja, nikaenda mbio ili nipate kiti cha kivulini. Mlangoni waliniuliza nilimjuaje marehemu. Nikasema tulicheza naye mpira. Wakanitazama sana. Kumbe marehemu ni bibi kizee, mama na nyanya wa karibu wote waliokaa pale. Wakaniomba nisimame nitoe ushuhuda. Nikasimama. Ningefanya nini? Nikasema alikuwa beki asiyepitika. Nikakaa haraka. Halafu mwanawe mkubwa akaangua kilio, akasema ni kweli, kwa mama hakupitaga mutu. Wakaniletea soda.

Mzee wa koti alikuwa kando yangu. Sikumwona akija. Viatu vimelowa vilevile, kitambaa ni kingine, kipya. Nilisoma mpaka macho yakaniuma.

Jumatano, 5 Juni

Redio haina kitu. Baraka nzima ni wazima. Najua ni habari njema, nimejaribu kufurahi.

Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Lweba kusikiliza kama huko kuna sauti ya kilio. Hakuna. Watu wanaanika ndagala, wanacheka. Halafu nikamwona mzee wangu! Amekaa kwenye benchi nje ya nyumba ya seremala, anashona. Hakuna turubai, hakuna anayelia. Nikafikiri labda hapa ndipo kwake. Nikakaa nikafungua daftari, na mara kichwa kikanyamaza.

Seremala mwenyewe akatoka, mtu mnene mwenye kicheko, anaitwa Jérémie. Akauliza kama huyu muzee ni wa kwetu. Nikaitika, kwa kuwa ndilo lilikuwa jibu fupi. Akasema "Mugeni hafukuzwake," akatuletea samaki wa mukeke wa kuchoma, mmoja kila mtu. Mzee hakugusa wake. Nilikula wote wawili. Jérémie akacheka tena, akasema kijana anayekula hivi atafaulu tu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimerudi Lweba. Turubai limetundikwa. Jérémie alianguka asubuhi akipiga randa, hakuinuka tena.

Hii ni shajara yangu, niandike ukweli. Kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba leo viti vitatosha. Cha pili kilikuwa wale samaki wake wawili niliokula jana. Mzee hakuwa amehama. Alikuwa palepale kwenye benchi, waombolezaji wamemzunguka, naye anafunga fundo la mwisho kwenye pindo. Wakaja kumchukulia kitambaa. Hakuna aliyeuliza kililetwa na nani. Walikikunjua tu, wakaingia nacho ndani, na kilikuwa kipana vya kutosha mtu mnene.

Mke wa Jérémie alininyooshea kidole. Akasema huyu kijana alikuja jana na yule muzee, wakakaa hapa. "Mulikuwa munangoja nini?" aliniuliza. Aliuliza kwa upole, na huo upole ndio nilioshindwa kuuvumilia. Nilikimbia. Sikusoma hata neno.

Jumamosi, 8 Juni

Habari imefika Baraka kabla yangu. Kazi ya Eugène, ya nani tena! Anasema Vainqueur anakaribisha watu kifoni. Sokoni mama muuza sombe, yale majani ya mihogo, alimfunika mtoto wake kwa kitenge nilipopita. Dereva wa moto alikataa kunibeba. Kwenye kilio kimoja karibu na soko wanaume walinizuia hata kabla sijaangalia kivuli kiko wapi.

Nimefikiri kwa utulivu. Jérémie alikuwa mnene. Mtu mnene, kazi nzito, jua kali: presha. Hayo ni mambo ya daktari. Mzee ni fundi cherehani tu anayependa kukaa na watu.

Madamu Constance alikuja nyumbani. Alisema kikundi kitanipokea kwa sharti moja, ningoje zamu yangu. Mguu nitikise nipendavyo. Wameweka gunia chini ya meza. Muhoza, yule msichana aliyeteremka kutoka kwao milimani, anasoma akizunguka chumba na hakuna anayemkataza. Dany anatafuna. Madamu alisema chumba kile ni cha watu kama mimi, na kwamba ninajinyima mwenyewe. Nikauliza kama uchaguzi utarudiwa. Akamaliza maji yake, akaaga.

Exetat inaanza tarehe kumi na saba. Matanga yamenifungia mlango. Kikundi kina Eugène. Basi mwenzangu aje kwetu! Nilimkuta kando ya barabara, amekaa juu ya jiwe mbele ya nyumba iliyofungwa. Nikamkaribisha, nikamtania: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mara ya kwanza aliinua kichwa. Macho yake ni ya kawaida kabisa. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonitisha. Akauliza nyumbani kuna nani. Sauti ilisikika kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Nikasema mimi na Koko. Akauliza kama ninamkaribisha kwa moyo. Nikasema kwa moyo wote.

Akachomeka sindano kwenye ukosi wa koti.

Jumatatu, 10 Juni

Amekuja! Nilipofungua mlango alikuwa ameshakaa barazani. Hakuniuliza njia, na mimi sikuwa nimemwelekeza. Maji ya viatu yamelowesha saruji.

Asubuhi nilisoma didaktiki yote. Nilisoma kama mtu anayekunywa maji. Niliona mambo mengine, lakini sikuyatilia maanani: kuku wetu wamehamia kwa jirani, bata naye hatumwoni. Mchana wote sikusikia sauti ya mtu barabarani. Mzee ameanza kitambaa kipya, kifupi. Nikamwambia hicho hakimtoshi mtu mzima. Aliendelea kushona.

Mchana Koko alimletea bugali na sombe, maana mgeni hukaribishwa kwanza, maswali baadaye. Mzee hakugusa. Koko akainama kuokota sahani, akaona viatu. Akabaki ameinama. Nilidhani ni mgongo.

Alipoingia ndani aliniambia. "Ule namujua. Alikalaga hapo hapo mbele babu yako akufe. Biatu ni bile bile." Wakati ule, kabla babu hajafa, yeye alidhani ni ndugu wa babu kutoka Ubwari, na watu wa Ubwari walidhani ni ndugu wa Koko. Alimpikia kila siku na kila siku chakula kikarudi. Mpaka leo kinachomuuma ni ule unga. Kisha akasema kitambaa kile kitamtosha vizuri, yeye tangu ujana wake ni mfupi. Alisema hivyo kama anayepimiwa nguo ya Krismasi.

Nikasema nitamfukuza. Koko akanikemea. Mgeni nimemleta kwa mdomo wangu, sasa nimtukane kwa mdomo uleule? Nyumba yake haijawahi kufukuza mtu. Akaketi, akaanza kunieleza sufuria kubwa apewe nani na ile yenye mpini apewe nani.

Niliogopa. Naandika wazi: niliogopa. Si kwa ajili ya Exetat.

Jumanne, 11 Juni

Koko hakuamka. Amelala mkekani, macho wazi, hataki chai.

Mbinu zote nimezijaribu. Nilifagia mpaka kwenye viatu vyake. Hakuinua mguu. Nilitangaza kwa sauti kwamba tunasafiri. Koko akajibu kutoka ndani kwamba hatusafiri. Nilimwambia mzee kuwa Kilembwe kuna watu wengi wasiojisikia vizuri, nikamtajia hata kijiji. Mungu anisamehe. Nilikaa mbele yake nikakohoa, nikajilaza, nikajifanya nakufa mimi. Alinitazama mara moja, akarudi kwenye pindo. Upande mmoja umekwisha.

Sikuweza kusoma. Nikachukua daftari nikaenda uani ili nisimwone. Nikaanza kusoma kwa sauti ili nisisikie uzi ukipita. Nilipogeuka, alikuwa amesimama nyuma yangu na kitambaa mkononi. Nikanyamaza. Akageuka kuelekea barazani. Nikasoma tena. Akasimama.

Nikasoma nikirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye barabara, naye akanifuata.

Kumbe huyu hakufuata nyumba! Amezoea kukaa na mimi. Ninaposoma, ananifuata. Ninaponyamaza, anakumbuka kazi yake.

Jumatano, 12 Juni

Leo nimesoma kuliko maisha yangu yote.

Nilitoka naye asubuhi. Mimi mbele nikisoma kwa sauti, yeye nyuma, sauti ya viatu vyake kwenye vumbi: chwa, chwa. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu awe mbali na mkeka wa Koko. Barabara ilikuwa na watu na wote walihamia upande wa pili. Kichwa changu kikajaribu kutoroka kama kawaida yake. Niliona pikipiki mpya, nikaipenda, nikanyamaza kidogo tu, na viatu nyuma yangu vikanyamaza. Nilipogeuka alikuwa anaelekea nyumbani, kwa haraka ambayo sikuijua kwake. Nikapiga kelele: "Usikivu wa mtoto ni wa aina mbili!" Akasimama.

Kila mlango uliokuwa wazi alipunguza mwendo. Alichungulia. Kila mara nikapandisha sauti. Nilisoma saikolojia, nilisoma didaktiki, nilisoma hatua zote za somo la hesabu mbele ya nyumba yenye mama mjamzito, nikilia machozi. Mchana sauti ikaanza kukatika. Nikaelewa kwamba peke yangu sitaweza. Nilihitaji watu wanaosoma bila kuchoka, wakipokezana. Baraka nzima najua sehemu moja tu.

Je, nawapelekea msiba? Nililiwaza hilo. Nililiwaza mpaka mlangoni, nikiwa nasoma.

Eugène alisimama kunizuia. Sikuwa na pumzi ya kueleza. Nikasema nimeleta inspekta. Eugène anapenda mainspekta kama wengine wanavyopenda nyama. Alivuta shati, akamsogezea mzee kiti karibu na ubao, akawaamuru wenzake waonyeshe uwezo wao. Niliwasihi tu wasinyamaze. Eugène akasema hapa hatunyamazi.

Wakaanza. Muhoza alisoma akizunguka chumba, na kila mzunguko akapita kati ya mzee na dirisha. Dany alieleza huku anatafuna, akakosea, wote wakamrukia. Eugène akabisha, Muhoza akambishia, Dany akacheka mpaka karanga zikamtoka. Mimi mguu wangu ulitikisika juu ya gunia. Nilimtazama mzee. Uzi ulikuwa umejifunga fundo. Akaufungua. Muhoza akapita tena akisema kwa sauti sababu za mtoto kusahau. Uzi ukajifunga fundo lingine. Mzee alitafuta tundu la sindano, akalikosa, akatafuta tena. Mikono yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Nilimhurumia, na kumhurumia huko kulinitia baridi.

Alisimama. Akakikunja kitambaa ambacho hakijaisha, akatoka. Eugène akamfuata mbio kuuliza maoni yake. Alirudi amenuna. Inspekta amesema tu kwamba hapa hapana nafasi ya kukaa.

Nilibaki. Hakuna aliyesema niondoke. Eugène akasema zamu yangu ni baada ya Dany, nikangoja. Kungoja kuliniuma kama jino.

Alhamisi, 13 Juni

Koko ameamka! Ameamka na matusi. Amepiga kelele kuuliza nani alilowesha baraza yake na kuku wake wako wapi. Amekunywa chai, ameomba ya pili. Nilimkumbatia, akasema nimuachie shingo, bwana gani huyu wa kulialia. Amefuta habari zote za sufuria. Hampi mtu yeyote kitu.

Alasiri kikundi. Walinisimamisha nieleze hatua za somo la hesabu. Nilizijua zote, nilizisoma njiani nikiwa na kifo nyuma yangu, mtu hasahau. Muhoza alisema nimeeleza vizuri kuliko daftari. Nilifurahi mpaka nikazieleza tena.

Jumatatu, 17 Juni

Exetat imeanza. Kila mtu na meza yake, kimya, hakuna wa kukaa kando yangu. Kichwa kikaanza kuondoka. Nikafunga macho, nikasikia nyayo za Muhoza zikizunguka, nikamsikia Dany akitafuna na Eugène akibisha, hasa Eugène. Majibu yakaja na sauti zao. Sikuwa peke yangu hata kidogo. Msimamizi akaniuliza natabasamu nini.

Alhamisi, 20 Juni

Tumemaliza! Leo ilikuwa pedagojia. Swali zima lilikuwa juu ya usikivu wa mtoto. Nilijibu kila kitu. Naamini nimefaulu. Sijawahi kuandika sentensi hiyo.

Madamu Constance alitukumbatia mlangoni, akalia, na mimi nikalia. Alisema tusiachane: tukienda chuo Uvira au Bukavu, tusome pamoja, tusirudi kila mtu kwenye upweke wake. Muhoza akasema tupange kamati tangu leo. Wazo zuri sana. Nikapendekeza kura kwa ajili ya rais.

Eugène. Tena Eugène! Wote. Hata Dany, ambaye nilimfanya makamu wa rais kwa karanga zangu mwenyewe. Mimi nimepewa kuwa msaidizi wa katibu. Baada ya yote niliyoyafanya! Nani aliwaletea inspekta?

Niliondoka. Sikuaga mtu. Waendelee na kelele zao.

Kwenye njia panda nilimkuta mzee, amekaa juu ya gogo, koti lilelile, viatu vimelowa. Akasogea kidogo kunipa nafasi. Hakuna mwingine aliyenipa nafasi leo hii. Nikakaa, na mara kile kimya kikaja, kizuri, kama maji ya ziwa asubuhi. Nikakumbuka jinsi tulivyokuwa tukisoma vizuri, bila kura, bila rais.

Nimefikiri kwa akili, bila woga. Koko ni mzima. Amekula, ametukana, jana amemfukuza bata kwa fimbo. Kama mzee huyu angekuwa kile walichosema, Koko asingekuwepo. Kwa hiyo ulikuwa ushirikina mtupu, na mimi nilimkosea mgeni kwa kumburuta juani siku nzima. Chuo ni miaka mingi. Nitahitaji mtu wa kukaa naye, mtulivu, asiyetafuta vyeo.

Nimemwomba radhi. Nimemwambia Jumapili Koko anachinja kuku kushukuru kwamba Exetat imekwisha, na nyumba itajaa. Ameuliza tena kama ninamkaribisha kwa moyo. Nimemwambia safari hii kwa moyo kuliko ile ya kwanza, na aje mapema kabla viti havijajaa. Nitamwekea chake kando ya Koko.